Geini ya Amplifaya na Uhai wa Sabufa Garini

Siku hizi ni nadra mtu kupanda daladala jijini Dar es Salaam, au matatu jijini Nairobi, asikute sabufa imefichwa chini ya kiti cha nyuma au imesimamishwa kando ya mlango. Sabufa ni spika kubwa iliyoundwa mahsusi kwa sauti nzito, yaani zile ambazo mitetemo yake aghalabu haizidi 80 au 100 kwa sekunde. Sauti hizo hatuzisikii kwa masikio peke yake; huzihisi pia kifuani na katika bati la gari. Ili kuzitoa kwa nguvu yahitajika umeme mwingi, na umeme huo hutolewa na amplifaya, chombo ambacho hupokea ishara dhaifu kutoka kwenye redio ya gari na kuikuza.

Mafundi wanaofunga vyombo hivi wengi wao ni hodari, na sina neno juu ya ustadi wao wa kuunda maboksi au kupitisha nyaya chini ya zulia. Lakini liko jambo moja ambalo hufanywa kwa kukisia karibu kila mahali, nalo ni kuweka geini. Geini ni kidhibiti kidogo kilicho ubavuni mwa amplifaya, ambacho mara nyingi huzungushwa kwa bisibisi. Mteja husema besi haitoshi, fundi hukizungusha, mlio huongezeka, mteja hulipa na kuondoka ameridhika. Baada ya majuma machache hutokea harufu ya kitu kinachoungua, sabufa hunyamaza, na mwenye gari hurudi akilalamika kwamba aliuziwa spika bandia. Yamkini ni kweli. Lakini mara nyingi spika haikuwa na hatia yoyote, ila ilipikwa.

Ni kitu gani hasa hiki geini

Kosa huanzia kwenye kufikiri kwamba geini ni kitufe cha sauti cha pili. Sivyo. Kitufe cha sauti ni kile cha redio, nacho huamua ni kiasi gani cha ishara kitakachopelekwa nyuma kwenye amplifaya. Geini huamua jambo jingine kabisa: ni volti ngapi zinazoingia zitakazoifanya amplifaya ifikie mwisho wa uwezo wake. Ndiyo maana katika amplifaya nyingi pembeni mwa kidhibiti hicho pameandikwa namba kama volti 6 upande mmoja na volti 0.2 upande wa pili. Redio hazifanani. Redio moja hutoa volti 2 ikifunguliwa sana, nyingine hutoa 4, na mtengenezaji wa amplifaya hawezi kujua wewe unayo ipi. Akaweka kidhibiti ili amplifaya ilinganishwe na redio. Kazi yake ni hiyo ya kulinganisha, wala haiongezi hata wati moja juu ya zile ambazo amplifaya imejaliwa kuwa nazo.

Tuchukue mfano wenye hesabu. Tuseme tunayo amplifaya inayoweza kutoa wati 500 kwa spika yenye ukinzani wa omu 4. Kutokana na kanuni ya Ohm, ambayo mwanafizikia huyo Mjerumani aliitangaza mwaka 1827, na kanuni ya nguvu za umeme, twajua kwamba volti zinazohitajika ni kipeuo cha pili cha wati zikizidishwa kwa omu. Yaani 500 mara 4 ni 2000, na kipeuo chake cha pili ni karibu 44.7. Basi amplifaya yetu haiwezi kutoa zaidi ya volti 44.7 za wimbi safi. Redio yetu hutoa volti 4. Kwa hiyo ukuzaji unaofaa ni mara 11 hivi. Sasa fundi akizungusha geini hadi mwisho, kwenye alama ya volti 0.2, ukuzaji huwa zaidi ya mara 223. Redio ikileta volti zake 4, amplifaya huambiwa itoe volti 894. Haina. Inazo 44.7 tu.

Je, itafanya nini? Mfikirie mtoto anayeruka kamba ndani ya chumba chenye dari fupi. Akiruka kidogo, huenda juu na kushuka bila tatizo. Akiongeza nguvu, kichwa hugonga dari, na kadiri anavyozidi kujitahidi ndivyo kichwa kinavyozidi kubaki pale pale darini. Wimbi la umeme nalo lina dari yake, ambayo ni volteji ya ndani ya amplifaya. Likizidi hapo, vilele vyake hukatwa, juu na chini, na badala ya kuwa na umbo la mviringo kama kilima hubaki na vilele bapa kama meza. Likizidi kusukumwa hukaribia kuwa wimbi la mraba.

Masikio hulitambua wimbi lililokatwa kwa urahisi katika sauti nyembamba, ambazo huwa kali na zenye mikwaruzo. Katika sauti nzito ni vigumu zaidi. Sabufa yenyewe haitoi vizuri mitetemo ya juu inayozaliwa na ukataji huo, na boksi lake huificha zaidi. Wengi husikia tu besi imekuwa nene, na unene huo huwapendeza.

Joto ndani ya koili

Spika nyingi za leo zafuata msingi ambao wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, waliueleza mwaka 1925. Koili ya waya mwembamba imening'inizwa ndani ya pengo la sumaku, na imegandishwa kwenye koni, ambayo mafundi wetu huiita karatasi hata ikiwa ya plastiki. Mkondo ukipita katika koili, koili husukumwa mbele na nyuma, karatasi huisukuma hewa, nasi tukasikia.

Jambo ambalo watu wengi hawalitambui ni jinsi chombo hiki kilivyo mbadhirifu. Katika sabufa nyingi za garini, umeme unaogeuka kuwa sauti haufiki hata sehemu 1 katika 100. Sehemu 99 na zaidi hugeuka kuwa joto, na joto hilo huzaliwa ndani ya koili yenyewe, ambayo ni waya mwembamba uliopakwa vanishi na kugandishwa kwa gundi. Sabufa inayolishwa wati 300 mfululizo ni sawa na pasi ndogo ya umeme iliyofungiwa ndani ya boksi la mbao. Namba ya wati inayotajwa na mtengenezaji mwaminifu, ile iitwayo RMS, kwa hakika ni kipimo cha joto ambalo koili yaweza kulitoa nje bila gundi kulainika.

Sasa turudi kwenye wimbi lililokatwa. Muziki wa kawaida una vilele na mabonde. Ngoma hupigwa, kisha pakawa na nafasi. Wastani wa nguvu zake ni mdogo kuliko nguvu za vilele, na katika nafasi hizo koili hupoa. Geini ikipandishwa kupita kiasi, vilele haviwezi kukua tena kwa sababu vimefika darini, lakini mabonde hukua. Nafasi hujaa. Kikomo chake kihesabu ni wimbi la mraba, ambalo kwa kilele kile kile lina nguvu mara 2 ya wimbi safi. Amplifaya yetu ya wati 500, ikisukumwa hivyo, yaweza kukaribia wati 1000 maadamu betri na nyaya zinairuhusu. Sabufa yetu ilinunuliwa kwa wati 300.

Hapa sina budi kusahihisha imani moja inayorudiwa mno katika gereji na maduka ya vyombo hivi. Husemwa kwamba wimbi lililokatwa ni sawa na umeme wa betri, ule wa mkondo mnyoofu, na kwamba koili huungua kwa kuwa karatasi husimama tuli pale kilele kinapokuwa bapa. Maelezo hayo yana mvuto lakini si sahihi. Wimbi lililokatwa sawasawa juu na chini lina wastani wa sifuri, hivyo halina mkondo mnyoofu hata chembe. Na karatasi, kwa kuwa ina uzito na mwendo, haisimami kwa sababu tu volteji imekuwa bapa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kinachoiunguza koili ni wastani wa nguvu, basi. Ushahidi wake ni huu: amplifaya dhaifu ya wati 50, hata ikikatwa vilele mchana kutwa, haitoi zaidi ya wati 100, na sabufa ya wati 300 itaendelea kuishi. Mlio wake utachusha, lakini haitaungua. Kwa hiyo ule usemi mwingine, kwamba amplifaya ndogo huua spika kubwa, nao haufai kuaminiwa hivi hivi.

Joto lina hila nyingine. Ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za joto. Koili iliyopanda nyuzi 180 huwa na ukinzani uliozidi kwa asilimia 70 hivi. Volti zikibaki zile zile, mkondo hupungua na mlio hupungua pia. Dereva aliyekwisha kuendesha kutwa husikia besi imelegea jioni, naye hupandisha sauti. Anaongeza moto chini ya chungu kinachoungua.

Geini haitibu maradhi ya mahali pengine

Kwa nini basi geini hupandishwa? Kwa maoni yangu, mara nyingi ni kwa sababu besi ni hafifu kwa kosa jingine ambalo halikutafutwa.

La kwanza ni namba za uongo. Kwenye maboksi ya amplifaya na redio huandikwa wati 2000, 3000, hata 5000, mara nyingine zikifuatiwa na herufi PMPO. Herufi hizo hazina kipimo chochote kinachokubaliwa na wahandisi. Njia rahisi ya kuupata ukweli ni kutazama fyuzi zilizochomekwa ubavuni mwa amplifaya. Tuseme ziko 2 za ampea 25, jumla 50. Gari likiwa linanguruma, volteji huwa karibu 13.8. Zidisha: 50 mara 13.8 ni wati 690 zinazoweza kuingia kwa muda mrefu. Amplifaya za aina ya D, ambazo ndizo nyingi kwa sabufa siku hizi, hutoa takriban asilimia 80 ya kinachoingia. Basi nje zitatoka wati 550 hivi. Zile za zamani za aina ya AB hutoa pungufu zaidi. Kinachozidi hapo ni wino tu.

La pili ni waya, na hapa jambo huacha kuwa la fedha likawa la uhai. Kuipa sabufa wati 500 za wimbi safi kwa amplifaya ya aina ya D, betri yapaswa kutoa ampea 45 hivi. Nimeona magari ambamo mkondo huo ulipitishwa katika waya wa soketi za nyumbani, ule wa milimita 2.5 za mraba, kwa kuwa ulikuwa rahisi kupatikana. Mita 5 za waya huo, kutoka mbele ya gari hadi kwenye buti, zina ukinzani wa omu 0.034. Ni namba ndogo, lakini kwa ampea 45 hula volti 1.5 na kutoa joto la wati 70 chini ya zulia. Waya wa shaba wa milimita 16 za mraba, kwa urefu ule ule, hula robo ya volti na kutoa wati 11 tu. Muziki wa kawaida hauvuti ampea 45 wakati wote. Muziki uliokatwa vilele huikaribia, na mambo haya mawili hukutana vibaya: waya mwembamba huipunguzia amplifaya volteji, dari hushuka, besi hulegea, geini hupandishwa, mkondo huongezeka, waya huzidi kuwaka.

Mnunuzi ajihadhari pia na waya mnene wa bei rahisi ambao ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa unene ule ule hupitisha umeme takriban theluthi mbili tu ya shaba halisi. Ukikwaruza uzi wake mmoja kwa wembe, weupe hujitokeza.

Fyuzi kuu yapasa kuwekwa karibu na betri, ndani ya nusu mita, wala si nyuma karibu na amplifaya. Sababu yake ni wazi mtu akifikiri fyuzi inalinda nini. Inalinda waya. Waya ukichubuka mahali unapopenya bati kati ya injini na miguu ya dereva, ukagusa bodi, betri ya gari yaweza kumwaga mamia ya ampea papo hapo. Fyuzi zilizo ubavuni mwa amplifaya haziwezi kuona mkondo huo, kwa kuwa umekata njia kabla ya kuzifikia. Waya huwa mwekundu, zulia hushika moto, na abiria wamejaa. Tundu linalopitisha waya katika bati livikwe mpira, na fyuzi iwe ya ampea 60 kwa mfano wetu. Fyuzi ikikatika, ibadilishwe kwa nyingine ya kiasi kile kile. Anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ameondoa kinga ya pekee iliyokuwapo.

Kuna na sababu ndogo ndogo: boksi lililovuja hewa, spika mbili zilizounganishwa kinyume hata moja ikavuta wakati nyenzake inasukuma, au koili mbili zilizofungwa sambamba. Hili la mwisho si dogo sana. Koili 2 za omu 4 zikifungwa sambamba huwa omu 2, zikifungwa mfululizo huwa omu 8, na amplifaya isiyoruhusiwa kushuka chini ya omu 4 itachemka ikipewa omu 2.

Namna ya kuipima

Vinavyohitajika ni mita ya kawaida ya umeme, bisibisi, na faili la sauti lenye mtetemo mmoja wa hezi 50, lililorekodiwa kwa kiwango cha juu kabisa kisichokatwa. Hezi 50 ndiyo mitetemo ya umeme wa majumbani hapa nchini, na hata mita ya bei ndogo huipima vema. Kwa mitetemo ya juu zaidi mita hizo hudanganya.

Gari liwe nje, mahali penye hewa, injini ikinguruma. Moshi wa injini katika gereji iliyofungwa huua. Ondoa nyaya za sabufa kwenye amplifaya ili spika isipigwe mtetemo mmoja kwa muda mrefu. Katika redio, rudisha besi, treble na madoido yote kwenye sifuri. Katika amplifaya, zima kabisa kile kiongeza besi ambacho watengenezaji hupenda kukiweka. Kiongeza besi cha desibeli 6 huzidisha nguvu mara 4, na cha desibeli 12 mara 16. Hakuna hesabu ya geini itakayosimama mbele ya kitu hicho. Ikiwa muziki hutoka kwenye simu, sauti ya simu iwe juu kabisa na madoido yake yazimwe pia. Kichujio kinachozuia sauti nyembamba kiwekwe kwenye hezi 80 hivi.

Geini ishushwe hadi mwanzo. Kisha panda sauti ya redio hadi robo tatu ya kipimo chake. Kama mwisho wake ni 40, simama kwenye 30. Sababu ni kwamba redio nayo ina dari yake, na nyingi huanza kukata vilele zikikaribia mwisho. Mwenye osiloskopu aweza kuipata sehemu hiyo kwa hakika, kwa kutazama wimbi lenyewe. Asiye nayo atosheke na robo tatu.

Sasa tafuta volti zinazotakiwa. Hapa wengi hutumia wati za amplifaya. Tumia wati za kile kilicho dhaifu kati ya amplifaya na sabufa. Kwetu ni sabufa, wati 300 kwa omu 4: 300 mara 4 ni 1200, na kipeuo chake cha pili ni 34.6. Weka mita kwenye volti za mkondo geu, gusisha ncha zake kwenye vituo vya spika vya amplifaya, zisigusane, wala vidole vyako visiguse chuma. Zungusha geini polepole hadi mita isome 34.6. Acha hapo, zima redio, rudisha nyaya za sabufa. Kazi imekwisha, na aghalabu kidhibiti kitakuwa hakijafika hata nusu ya njia yake. Hilo lisikutie shaka, kwa kuwa njia yake haina uhusiano na nguvu.

Mita ina upungufu wake. Husoma volti lakini haioni umbo, wala haijui kama wimbi limekatwa. Tena amplifaya isiyobeba spika yaweza kuonyesha volti nzuri ambazo haitazimudu ikishatwikwa mzigo. Zile zenye namba za uongo hufanya hivyo hasa. Kwa hiyo ukimaliza, piga muziki unaoujua kwa sauti ile ya alama 30, na usikilize.

Wapo mafundi wanaotumia mtetemo uliorekodiwa chini kwa desibeli 10, wakisema kwamba nyimbo hazifiki kiwango cha juu kabisa. Kwa nyimbo za zamani wana hoja. Muziki wa dansi wa miaka ya 1970, uliohamishwa kutoka kwenye tepu, aghalabu haujasukumwa mpaka darini. Lakini desibeli 10 ni nguvu mara 10. Ukipiga singeli au amapiano ya leo, ambayo studio huisukuma hadi ukomo na besi yake hukaa muda mrefu, geini iliyowekwa hivyo itadai wati 3000 kutoka kwenye amplifaya ya 500. Kwa gari la abiria, ambalo dereva hubadilika na nyimbo hubadilika, mimi ningetumia mtetemo wa kiwango cha juu na kuridhika na mlio ulio chini kidogo.

Alama 30 itiwe rangi au iandikwe karibu na redio, na kila deiwaka anayekabidhiwa gari aelezwe kwamba hapo ndipo mwisho. Baadhi ya redio huruhusu kikomo hicho kuwekwa ndani ya mipangilio yake, na ni bora zaidi.

Masikio ya kondakta

Geini iliyowekwa sawasawa huilinda koili, haiwalindi watu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu yalipendekeza kwamba msikilizaji mzima asipate zaidi ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti huwa maradufu na muda salama hupungua kwa nusu: 83 kwa saa 20, 86 kwa saa 10, 89 kwa saa 5. Abiria hushuka baada ya nusu saa. Kondakta hubaki garini kutwa, siku 6 kwa juma, naye saa zake 5 humalizika siku ya kwanza kabla ya chakula cha mchana. Kijana huyo hatasikia maumivu. Vinyweleo vya sikio la ndani vikishakufa havioti tena, na atakachotambua kwanza, miaka kadhaa baadaye, ni kwamba watu wanaonekana kunong'ona.

Kipimo kimoja cha mwisho

Kabla ya kufunga sabufa mpya, pima ukinzani wa koili yake ikiwa baridi na uandike namba hiyo kwa kalamu ya wino upande wa ndani wa boksi. Spika iitwayo ya omu 4 husoma pungufu kidogo, tuseme 3.4. Baada ya kulifunga na kulipiga kwa saa moja katika kazi yake ya kawaida, zima amplifaya, chomoa nyaya za spika haraka na upime tena kabla koili haijapoa. Ikisoma 4.4, imepanda kwa asilimia 29. Kwa kanuni ya shaba tuliyoitaja, hizo ni nyuzi 75 hivi juu ya joto la hewa, yaani koili ina zaidi ya nyuzi 100. Sabufa nyingi zitavumilia hapo. Ikisoma 5.5 na kuendelea, joto limepita nyuzi 180. Shusha geini bila kungoja harufu. Siku nyingine koili ikiwa baridi, ikisoma chini sana ya 3.4 ile ya asili, vanishi imeyeyuka na mizunguko ya waya imegusana, na ikiwa mita haisomi kitu chochote, waya umekatika.